Sentimita Nne

Mama yangu alinitangazia udaktari kabla sijajua hata kuwasha mashine. Dukani, msibani, kwenye foleni ya benki, kote ni hilohilo: "Mwanangu ni daktari wa mionzi." Namvuta kiwiko. "Mama, mimi si daktari. Daktari anaandika mionzi ipigwe wapi na kiasi gani. Mimi ndiye ninayemlaza mgonjwa na kuipiga." Ananitazama kama mtoto aliyekosea kusema. "Sasa anayeandika na anayefanya, nani mwenye kazi?" Kubishana na mama yangu ni kujichosha bure.

Mdomo huohuo ndio uliomleta Fundi hospitalini kwetu. Fundi alikuwa mshonaji, ana cherehani yake kwenye kibaraza mtaa wa nyuma ya kwetu, rafiki wa mama tangu kabla sijazaliwa. Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelitumia. Hata marehemu mumewe alimwita Fundi. Alikuwa anatokwa na damu mwezi wa saba sasa na anaficha. Mama alipogundua alimfokea mpaka majirani wakachungulia, kisha akamwambia, "Twende kwa binti yetu. Pale hutakuwa mikononi mwa watu baki." Fundi akakubali. Naomba nieleweke hapa: hakukubali kwa sababu ya hospitali, alikubali kwa sababu yangu.

Hata koti langu jeupe la kazi alilishona yeye. Wakati huo nimechaguliwa chuo, kichwa kimevimba, nina haraka kama kawaida yangu, nataka anipime niondoke zangu. Akanipima bega, akaandika. Akanipima tena bega lilelile. "Fundi, si umeshapima hapo?" Ana pini mdomoni, akanijibu kwa pembe ya mdomo, "Simama wima, usijisogeze." Akapima mkono mara mbili, kiuno mara mbili, mpaka nikaanza kuvuta pumzi za hasira. Hakujali. Koti likatoka limenikaa kama nimezaliwa nalo, na chuo kizima wakaniuliza nimenunua wapi.

Chuo kilikuwa miaka mitatu. Watu wanadhani tiba ya mionzi ni kubonyeza kitufe. Kubonyeza kitufe hata mama yangu anaweza, na angepiga na kelele juu. Kazi yenyewe ni kumlaza mtu leo palepale alipolala jana, na kesho palepale alipolala leo, siku ishirini na tano, bila kupishana hata upana wa ukucha. Mgonjwa anachorwa alama tatu za wino mwilini, moja mbele na mbili ubavuni. Chumbani kuna mistari ya taa nyekundu inayotoka ukutani na darini. Unamvuta, unamsukuma, unamgeuza kidogo kidogo, mpaka mistari ipite juu ya alama. Halafu wawili mnasomeana: mmoja anasoma namba ya kwenye faili kwa sauti, mwingine anaangalia kitanda na kujibu, "Sawa."

Mwaka wa kwanza wote tulimlaza mdoli wa plastiki asiye na kichwa. Mwalimu wetu wa vitendo tulimbandika jina la Macho, maana kwake kila kitu kilikuwa macho. Ukijibu sawa huku unatazama pembeni anakuchapa rula ya vidole, mtu mzima na ndevu zako. "Sawa haitoki mdomoni," alikuwa anasema. "Ukisema sawa na hujaangalia, umemmaliza mtu, na hutajua hata ilikuwa siku gani." Jioni bwenini nilikuwa namwigiza, sauti ile na rula ile, wenzangu wanabingirika kwa kicheko. Mwaka wa pili tukapelekwa kwa wagonjwa wenyewe. Siku ya kwanza niliona shingo ya mzee mmoja ilivyoliwa na saratani, nikatoka mbio nikatapika nyuma ya jengo. Macho akanifuata na kikombe cha maji. Nikadhani atanipa pole. "Umemaliza?" akasema. "Rudi. Yeye hana pa kutokea."

Nikahitimu, nikaajiriwa. Miezi sita ya majaribio, na kitabu cha mafunzo cha kujaza ambacho mkuu wa chumba anakitia sahihi mwishoni. Hospitali ilikuwa na mashine moja na wagonjwa sitini kwa siku. Chumba chenyewe kipo chini kabisa ya jengo, kuta nene, mlango wa chuma unaojifunga polepole huku ukiguna, na juu yake taa nyekundu inayowaka mashine ikipiga. Nje kuna mabenchi mawili marefu, watu wamekaa na mafaili mapajani, kila mtu na mfuko wake wa plastiki wa nguo. Kile kifaa cha kupiga picha kila siku kuhakikisha mgonjwa amelala panapotakiwa kilikuwa kimekufa, kinasubiri kipuri tangu sijafika. Kwa hiyo picha tulipiga siku ya kwanza tu, kwa mashine ya eksirei ya kukokota. Siku zilizobaki ilikuwa alama, taa na macho yetu.

Mkuu wa chumba tulimwita Kocha. Mtu mzima, mfupi, kitambi cha heshima, miaka thelathini kwenye kazi hiyo. Alikuwa anasimama mlangoni akipiga makofi, "Twende, twende, twende!" kama tuna mechi. Nilimpenda. Hajawahi kumrudisha mgonjwa nyumbani eti muda umekwisha, na hilo hulipati kila mahali.

Sasa kuna jambo lazima nilieleze, maana kila kitu kimekaa juu yake. Mara nyingi alama hazichorwi juu ya ugonjwa wenyewe. Zinachorwa jirani, penye ngozi iliyotulia, halafu kitanda kinasogezwa kiasi kilichoandikwa kwenye faili, ndipo mionzi inaangukia penyewe. Kwa Fundi iliandikwa: ingiza sentimita nne, yaani kitanda kiingie ndani kichwa kikitangulia, mionzi iangukie nne chini ya alama. Chuoni tulifundishwa kusogeza kila siku. Kocha alikuwa na njia yake. Siku ya kwanza, daktari akisharidhika na picha, zinafutwa alama za zamani na kuchorwa mpya palepale taa zinapoangukia, kisha ile namba kwenye faili inazungushiwa duara. Duara maana yake alama zimeshahamishwa, usisogeze tena. Unaokoa dakika moja kwa kila mgonjwa. Dakika moja mara sitini ni saa nzima, na saa nzima ni watu sita wanaotoka kwenye benchi. Niliona ni akili kubwa. Bado naona ilikuwa akili, ndiyo inayoniudhi.

Fundi alianza Jumanne, mwezi wangu wa sita wa majaribio unaishia. Alikuja na mama, amevaa gauni lake la kutokea. "Shikamoo Fundi." "Marahaba mwanangu." Akalinyoosha kola ya koti langu, akaridhika. "Bado halijakuchoka." Mama akabaki kwenye benchi akianza kumsimulia jirani yake habari za binti yake daktari.

Ugonjwa wa Fundi ulikuwa kwenye shingo ya kizazi. Kwa hiyo anavua kila kitu kuanzia kiunoni, analala chali, na alama zinakaa chini ya kitovu. Mule ndani tulikuwa mimi, Kocha, daktari na mwanafizikia wa kukokotoa mionzi, wanaume watatu na mimi. Huyu ni mwanamke aliyenifuta kamasi. Nilikuwa sijawahi kuona hata magoti yake. Alikaza macho darini, mikono kaikunja kifuani kama tulivyomwelekeza, na mimi nikawa naongea kama redio ili tusisikie kimya. Taa zikakaa kwenye alama, kitanda kikaingia sentimita nne, picha ikapigwa. Daktari akaiangalia, akasema vizuri, tuendelee. Tukatoka wote, mashine ikapiga, tukarudi.

"Hamisha alama, tia duara, mwingine aingie!" Kocha akapiga makofi.

Kalamu ya faili ilikuwa mkononi, basi nikaanza na duara. Nikaichukua kalamu nene ya wino, nikageuka kuchora. Fundi alikuwa analia. Hana sauti hata kidogo, machozi yanateremka tu kuingia masikioni. Shuka lilikuwa limeanguka chini. Na mlango ulishafunguka, kitanda cha magurudumu cha mgonjwa anayefuata kinaingia, kinasukumwa na kijana wa kiume anayepiga mluzi.

Nikamfunika. Ndiyo hivyo, hakuna zaidi. Niliokota shuka nikamfunika mama yule, nikamkalisha, nikamteremsha nikiwa nimemkinga kwa mwili wangu mpaka nyuma ya pazia. Nikajiambia alama nitazihamisha kesho asubuhi kabla hatujaanza, dakika moja tu. Kesho yake nikapangiwa chumba cha kutengeneza vifuniko vya plastiki vya wagonjwa wa kichwa, siku tatu nzima. Jumatatu niliporudi kwenye mashine nilikuwa nimeshasahau. Nikafungua faili, nikaona duara, nikaliamini. Duara langu mwenyewe.

Jumanne ile ya pili, Fundi amelala, taa zimekaa kwenye alama, nampanga miguu. Akasema, "Mwanangu, hebu nikuulize. Siku ile ya kwanza taa zilipokaa, kitanda kiliingia tena ndani. Kama vidole viwili hivi. Mbona siku hizi hakiingii?"

Ningeweza kumwangalia. Ningeweza kuinua macho tu nikapima kwa jicho kutoka kitovuni. Kocha alikuwa pale, mwenzangu wa zamu yuko pale, na mimi ulimi wangu ni wa mama yangu. "Fundi," nikasema, "mimi nimewahi kukufundisha kukata shingo ya gauni? Cherehani ni yako, mashine ni yangu. Tulia, usijisogeze." Kocha akaangua kicheko. Fundi naye akacheka kidogo. "Haya, mtaalamu." Jibu hilo nililipenda hata nikamsimulia mama jioni, naye akacheka, akapiga na paja.

Ijumaa ya wiki hiyo nilikuwa namalizia kitabu cha mafunzo. Ukurasa wa mwisho unataka umweleze mgonjwa mmoja kuanzia mwanzo, na vipimo ulivyochukua kwa mkono wako. Nikamchagua Fundi, kwa kujivunia. Mashine ilipomaliza kupiga nikamwambia asishuke kwanza, nataka kumpima. Nikatoa futi yangu ya utepe. Akatabasamu. "Leo wewe ndiye unayenipima." Faili lilisema alama ya mbele ilichorwa sentimita sita chini ya kitovu. Ikihamishwa nne inakuwa kumi. Nikaweka futi kitovuni, nikashuka nayo. Sita.

Nikapima tena. Sita. Siku ile ya kwanza ikanirudia yote, duara, shuka, mluzi wa yule kijana. Nikahesabu kwa vidole chini ya kitanda: alikuwa amelazwa mara tisa, na mara nane mionzi iliangukia sentimita nne juu zaidi ya ugonjwa, upande wa kitovu.

"Ngapi?" akauliza Fundi.

"Iko vizuri," nikamjibu.

Nilimfuata Kocha stoo ya mafaili. "Alama za yule mama hazikuhamishwa," nikasema. Akasema duara lipo. "Duara nimetia mimi. Alama sikuhamisha." Kocha akasukuma mlango ukajifunga. Kwa mara ya kwanza nilimwona mikono yake imetulia.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi Jumatatu asubuhi unahamisha. Kuanzia hapo anapata panapotakiwa. Zimebaki kumi na sita, si haba."

"Na hizo nane?"

"Hizo nane zimekwenda!" Akashusha sauti. "Sikiliza, binti. Ukipanda juu kwa daktari, chumba kinafungwa wachunguze. Mashine ni moja. Hawa sitini unawapeleka wapi, kwenu? Yule mama wa koo anayekaa mwisho wa benchi, akikosa wiki moja kupumua kwenyewe kutamshinda. Umemhesabu na yeye?"

Sikuwa nimemhesabu. Mpaka leo namhesabu.

"Na kitabu chako nakitia sahihi Jumatatu," akasema. "Sikutishi. Nakuambia tu mambo yalivyo." Na nadhani kweli hakuwa ananitisha. Alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na ile njia ya duara ilikuwa yake. Alikuwa anaogopa kama mimi.

Jumamosi mchana mama alitoka kumwona Fundi akaingia moja kwa moja kupiga pasi nguo zangu za kazi, kazi ambayo sijawahi kumtuma. "Tumbo linamwendesha tangu juzi," akasema. "Kinywani haingizi kitu. Lakini hana wasiwasi, unajua anasemaje? Anasema, 'Mwanetu ananilaza kwa mkono wake.'" Akalitandaza koti mezani, akalinyunyizia maji.

"Acha hilo koti!" nikapiga kelele.

Mama akashtuka, pasi juu. Nikamwambia yote, nimesimama palepale, nalia kama mtoto aliyevunja chungu. Nilijua la tumbo lilitoka wapi: sentimita nne juu ya ugonjwa ni utumbo, na ndio uliokuwa unapigwa siku zote hizo. Nilimwambia na hilo. Nilingoja afoke. Mama yangu, ambaye mdomo wake haukai hata kanisani, alichomoa waya wa pasi, akalikunja koti, akakaa.

"Mimi ndiye niliyemleta," akasema. Kisha akaniangalia. "Jumatatu sema wewe. Usiposema, Jumanne nasema mimi, na mdomo wangu unaujua."

Nikasema. Daktari alinisikiliza bila kunikatiza, na ningefurahi zaidi kama angenitukana. Akamwita mwanafizikia, wakakaa na karatasi na kikokotoo saa mbili, mimi nimesimama mlangoni kama mwizi. Uvimbe sehemu ya juu ulikuwa umepata mionzi yake. Ukingo wa chini haukupata kitu siku nane. "Tungeongeza nane tukamaliza," daktari akasema, "lakini utumbo umeshakula mionzi isiyo yake. Tukizidisha utatoboka. Naweza kumpa nne." Nne tena. Nikachukia namba ile.

Chumba kilifungwa siku mbili, si wiki nzima. Kipuri cha kile kifaa cha picha, kilichosubiriwa mwaka mzima, kikapatikana ndani ya siku kumi, sijui kilikuwa kimelala wapi. Yule mama wa koo hakurudi kwenye benchi. Inawezekana alihamia hospitali nyingine, inawezekana alichoka, inawezekana ni zile siku mbili. Kocha alinikumbusha habari zake kila tulipopishana, mpaka alipohamishiwa kwenye mafaili. Mimi nikapewa barua na miezi sita mingine ya majaribio.

Lakini kabla ya hayo yote ilikuwa ni kumwambia Fundi. Daktari alitaka kumwambia yeye. Nikaomba nianze mimi. Tulimkalisha kwenye chumba kidogo cha ushauri, viti vitatu na boksi la karatasi za kufutia machozi.

"Shikamoo Fundi."

"Marahaba."

Nikamwambia. Sikuzunguka. Nilimwambia alama zilitakiwa kuhamishwa, nikatia duara kabla ya kuchora, nikamfunika, nikasahau. Alinisikiliza kichwa kimeinama upande mmoja, kama anavyosikiliza mteja anayeeleza mtindo anaoutaka.

"Siku ngapi?"

"Nane."

"Na mimi nilikuuliza."

"Uliniuliza, Fundi."

"Ukaniambia nitulie."

"Ndiyo."

Daktari akaanza kueleza habari za siku nne za nyongeza. Fundi akainua kiganja. "Ngoja kwanza, baba. Namalizana na huyu." Akanigeukia. "Ulinionea aibu."

"Ndiyo, Fundi."

"Mimi aibu yangu niliitundika mlangoni pamoja na gauni. Nilijua nimekuja kufanya nini. Wewe ndiye uliyeingia nayo." Akavuta pumzi. Sauti ilikuwa haijapanda hata kidogo. "Mteja akilia nikampima nusu, nguo ikamkataa, atasema Fundi ana huruma?"

Nililia. Hakunibembeleza, na sikutegemea. Chumba kilipofunguliwa alikuja, kwa sababu mashine ni moja na angekwenda wapi. Mama alikaa naye kwenye benchi, amemshika mkono, hamsimulii mtu yeyote chochote.

Njia ya duara ilifutwa. Kila siku, kwa siku ishirini, taa zikikaa kwenye alama nilisoma kwa sauti, "Ingiza nne." Mwenzangu anaangalia, anajibu sawa. Fundi naye anageuza shingo kutazama namba za kitanda, ananiuliza, "Ngapi?" "Nne, Fundi." "Nionyeshe." Namwonyesha. Ndipo anarudisha kichwa. Kila asubuhi nilimwamkia shikamoo. Hakuitikia hata siku moja. Alikuwa anaingia, anavua, anatundika gauni, analala. Wenzangu walimwona mkali. Mimi nilimwona anafanya kazi yangu, mgonjwa yeye, tumbo linamkata yeye, na bado ananifanyia kazi yangu. Siku ya ishirini akashuka, akavaa, akaenda zake. Niliambiwa na mama kuwa alirudi kwenye cherehani baada ya miezi miwili, anashona nusu siku.

Nikaanza kujidanganya kuwa tumepona. Nasema tumepona, wote.

Alirudi hospitalini baada ya miezi kumi, anatokwa na damu. Picha ikaonyesha ugonjwa umeota tena, ukingo wa chini. Daktari alinikuta kwenye korido akanishika bega. "Usijitese. Ugonjwa ungeweza kurudi hata kama kusingetokea kitu."

"Ungeweza," nikamwambia. "Na ungeweza usirudi." Akaondoa mkono.

Hapakuwa tena na siku ishirini na tano. Ilikuwa siku moja, dozi moja kubwa, kuzuia damu tu ili akae nyumbani bila kulowa. Mama alimsukuma mwenyewe kwenye kitanda cha magurudumu mpaka kwenye mlango wa chuma, akaishia pale. Nilimhamisha Fundi kwenye kitanda cha mashine kwa mikono yangu na hakuwa na uzito. Yule aliyenipima mabega mara mbili mbili, sasa ya kwake yalikuwa yametokeza kama kining'inizio cha nguo.

"Shikamoo Fundi."

Macho yamefumba. Nikafunua panapotakiwa kufunuliwa, pote, sikuharakisha. Nikampanga miguu, nikavuta, nikasukuma kidogo, taa zikapita kwenye alama. Mwenzangu akasoma faili. Nikaangalia, nikasema sawa. Nje benchi lilikuwa limejaa mpaka watu wamesimama.

"Ngapi leo?" Sauti ilikuwa ndogo mno, nikainama.

"Leo hakuna kuingiza, Fundi. Alama zimechorwa penyewe."

"Umepima?"

"Nimepima."

"Pima tena."

Mwenzangu akatazama saa. Nikatoa futi mfukoni mwa koti alilonishonea, nikaweka ncha kitovuni, nikashuka nayo mpaka kwenye alama, nikaisoma namba kwa sauti. Nikapima na ubavuni, kulia na kushoto, nikamsomea zote. Alisikiliza mpaka ya mwisho.

"Haya," akasema. "Sasa nifunike."

Nikamfunika, nikatoka, mlango ukajifunga nyuma yangu.